Chapati za Tapioka kwa Wifi wa Masii

Nyumbani kwangu mgeni anaweza kuacha kuku, anaweza kuacha wali, anaweza hata kuiacha soda mpaka ipoteze gesi, na hakuna atakayemuuliza. Lakini aisukume chapati kando ya sahani, hapo ametutukana sisi na waliotuzaa. Kwa nini iko hivyo, usiniulize. Chapati zimekuja juzi tu ukizilinganisha na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa tuliyolelewa nayo. Lakini siku hizi mtu wa huku vilima vya Kathiani akikupenda anakupikia chapati, na akikuheshimu sana anakuwekea ya pili kabla hujaimeza ya kwanza.

Na kwa chapati, mniwie radhi, mimi ndiye mimi. Kukiwa na harusi, matanga au harambee ya paa la kanisa, mtu wa kwanza kupigiwa simu upande wa unga ni mimi. Zangu zina tabaka. Zinakaa kwenye hotpoti kuanzia asubuhi mpaka mgeni mkuu afike, na nyinyi mnajua wageni wakuu hufika saa ngapi. Hata wanawake wasionipenda, na wapo, huzila kimya kimya halafu wananiomba siri. Siri sina. Niko na mikono na hasira, na ngano inapenda vyote viwili.

Sasa basi, Pasaka moja mwanangu wa kwanza, anayefanya kazi kiwandani kule Mavoko, akaniletea msichana. Si wa kwetu, watu wao ni wa upande wa Magharibi, lakini amekulia Nairobi na anafanya kazi kiwanda hicho hicho, kupima kama rangi za ukuta zimechanganywa sawasawa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akanisalimu kwa mikono miwili, akaomba kisu, akakaa na sisi kumenya viazi, na maganda yake yalikuwa membamba mpaka unaona kisu kikipita chini. Nikasema moyoni, huyu anatosha, mwanangu amefumbua macho.

Chakula kikaletwa. Akala kuku. Akala wali. Kachumbari akaongeza. Chapati yangu, ile ya juu kabisa niliyomchagulia mwenyewe, akaisukuma kwa uma mpaka ukingoni mwa sahani na kuiacha hapo, nzima, haijaguswa hata na jino moja.

Ningeweza kujifanya sikuona. Lakini wifi yangu alikuwepo. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, anaishi Masii, na katika ukoo wetu hakuna ndoa inayopita bila yeye kuiangalia mbele na nyuma. Yeye mwenyewe kwa chapati zangu hana mchezo. Anakula kuliko wanaume, ananyoosha sahani aongezewe, halafu mwaka nenda mwaka rudi anaondoka mapema ameshika tumbo, hataki chai, hataki kulala kwetu, anakimbilia kwake Masii kunywa maji ya magadi. Nilikuwa nikimwita mlafi, si mbele yake.

Alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Umeona?"

"Nimeona nini, wifi?"

"Chapati yako ameiacha. Huyo ameambiwa kwao kwamba Wakamba tunaroga. Anaogopa kamuti."

Kamuti ni huo uchawi ambao Kenya nzima inatusingizia. Mtu akiibiwa saruji huko Nairobi hahitaji polisi, anasema tu kwa sauti kwamba kesho anapanda gari aje Machakos, na saruji inarudi yenyewe. Sisi huwa tunacheka na kukanusha. Halafu tukikata kucha tunazichoma.

"Kama anaogopa kamuti, mbona amekula kuku?" nikamuuliza.

"Kuku amemwona akichinjwa. Wali ni punje, utaficha wapi? Lakini chapati inakunjwa. Ndani ya mikunjo mtu anaweza kuweka chochote." Alipokuwa akisema hivyo alinitazama, tena hakuondoa macho haraka. Mimi sikutilia maanani, kwa sababu damu ilikuwa imenipanda. Nani huyu wa kuja kuogopa mikono yangu?

Wifi akaenda zake, ameshika tumbo kama kawaida. Nikaanza kuosha vyombo kwa kishindo ili kila mtu sebuleni ajue nimeudhika. Yule msichana akaja akasimama kando yangu, akachukua kitambaa akapangusa sahani. Kisha akasema polepole, "Mama, chapati zako sikuzidharau. Ngano inaniumiza. Nikila hata makombo nitaumwa na tumbo siku nyingi, na daktari amenikataza maisha yangu yote."

"Sasa si ungesema mezani!"

"Yeye alinikataza." Alimaanisha mwanangu. "Alisema wakisikia chakula kinanikataa, watasema ni mgonjwa."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba watu wetu hawako hivyo. Nikaufunga. Katika ukoo huu huu kuna msichana aliyekataliwa kwa sababu ya miwani, wazee wakisema atazaa watoto wasioweza kuona mbuzi amepotelea wapi. Mwanangu anawajua watu wake. Akisema, ni mgonjwa. Asiposema, anatuogopa. Nikamwonea huruma huyo mtoto wa watu mpaka nikamnyang'anya kitambaa, nikamwambia akae chini apumzike.

Haikupita wiki, wifi akatangaza hukumu. Alikuwa amesikia kwamba tunataka kupanga ntheo. Hao ni mbuzi ambao bila kupelekwa kwa kina msichana, sisi Wakamba hatukubali kwamba umeoa, hata kama ulipiga picha na kasisi na keki ya ghorofa. Mmoja wa mbuzi hao huwa anatoka kwa shangazi, yaani kwa wifi yangu. Akampigia simu mume wangu, nami nikiwa karibu nikasikia kila neno, kwa sababu wifi akiongea na simu huwa haamini kwamba waya haupo.

"Siku ya kikao huyo msichana ataketi na mimi. Tutakula chapati za hapo, mimi na yeye, sahani moja. Akila, mbuzi wangu aende. Asipokula, mbuzi wangu hatoki zizini, na asiyeona mbuzi wangu asiseme kuna harusi."

Mzee wangu akakata simu, akafikiri sana. "Si upike wali?" akasema. Nilimtazama mpaka akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hatuna.

Kwa hivyo ilikuwa hivi: nilitakiwa nipike chapati isiyo na ngano, ifanane na chapati zangu, na iliwe na wifi yangu ambaye meno yake yanazijua chapati zangu kuliko mimi. Ikikosea, mwanangu anakosa mke. Yule msichana akaniambia kuna unga wa tapioka, unaotokana na mihogo. Alishajaribu mara kadhaa akashindwa, eti unamyeyukia mkononi. Nilicheka kidogo niliposikia hivyo. Watoto wa Nairobi, mikono ya kubonyeza simu, watakanda nini? Nikamwambia anitumie unga, kazi aniachie mimi.

Unga ukaja. Mweupe kupita kiasi, na ukiufinya unalia kwenye vidole, kwi, kwi. Nikaumwaga kwenye beseni, nikatia chumvi, mafuta na maji baridi, nikapandisha mikono ya sweta. Nikakanda.

Aiya! Ule unga ulinigomea waziwazi. Ukiupiga ngumi unakuwa mgumu kama sakafu. Ukiunyanyua ukidhani sasa umepata donge, unakuchuruzikia katikati ya vidole na kurudi kwenye beseni, maziwa matupu. Nikaupiga tena. Sakafu. Nikauachia. Maziwa. Nawajua waheshimiwa kadhaa wenye tabia hiyo, ukiwabana wanasimama imara, ukigeuza shingo wameshamwagika, lakini wale angalau hakuna mtu anayewategemea kwa chakula cha mchana.

Na sisi tuliolelewa na ugali na ngano tunajua dawa moja tu, nguvu. Ugali ukikataa, songa. Ngano ikikataa, kanda. Nikaupiga ule unga ngumi za kulia na za kushoto, beseni likatembea juu ya meza, jasho likanitoka. Nikaongeza unga. Nikaongeza maji. Mzee wangu akachungulia dirishani.

"Unapigana na nani?"

"Na mke wa mwanao!" nikamjibu.

Nikashika simu, nikaandika kwenye kundi letu la akina mama wa kanisa, kule kwenye wosap: kuna rafiki yangu anauliza, unga wa tapioka unafanywaje ushike bila ngano? Wa kwanza akajibu, mwambie aongeze ngano kidogo. Wa pili akasema bila ngano haiwezekani, lakini akitia ngano kidogo itawezekana. Wa tatu akashauri ngano iwe nusu, huyo mgeni hatajua. Mwingine akatuma picha ya maua. Mwingine akasema anauza unga wa kiafya unaoponya magoti, sukari na ndoa. Mwenyekiti akafunga mjadala kwa kuandika kwamba jambo hilo tuliweke kwenye maombi.

Nikabaki na beseni langu la maziwa ya mihogo. Kumwaga sikuweza. Sisi watu wa huku tumeona ukame, na mkono wangu haujui kutupa unga hata ukiwa unanidharau. Ikabidi niutafutie kazi, na kazi ilikuwepo. Nilikuwa nimefua vitambaa vya makochi, vile vya kushona kwa uzi na sindano ya ndoano, kwa sababu wifi akija jambo la kwanza ni kukagua vitambaa. Kitambaa kilicholala kwa uchovu juu ya kochi, kwake, ni dalili ya nyumba iliyolala. Lazima kisimame. Na zamani, nikiwa msichana, mama yangu alikuwa akivisimamisha kwa wanga wa mihogo, alioukamua mwenyewe na kuuacha utuame. Si ni kitu hiki hiki tu, kimetiwa kwenye pakiti yenye picha?

Nikachemsha maji vile mama alivyochemsha. Nikayamimina kwenye beseni polepole huku nakoroga kwa mwiko.

Ghafla ukashika. Yale maziwa yaliyonitesa asubuhi nzima yakawa mazito, weupe ukapotea, yakaanza kung'aa na kuvutana, mwiko ukawa hautaki kuzunguka. Kumbe unga huu hautaki ngumi. Unataka kuunguzwa! Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu nikiwa msichana, kwa ajili ya vitambaa, na halikunijia hata kidogo nilipolitaka kwa chakula. Nilijiita mjinga kwa sauti, mara kadhaa, kwa Kikamba na kwa Kiswahili.

Msidhani hapo ndipo nilipofaulu. Mara ya pili niliuunguza unga wote kwa maji ya moto, nikapata gundi. Vidole vilishikana, mwiko ukashikana na beseni, na nilipojaribu kuusukuma ukaja wote na kibao. Mzee wangu alichota kidogo akagundishia kalenda ukutani. Kalenda hiyo mwaka umekwisha na haitoki.

Ndipo nikatulia nikafikiri kama mtu mzima. Nikagawa unga. Sehemu moja nikaimiminia maji yaliyochemka pamoja na mafuta na chumvi, nikakoroga haraka mpaka ikawa uji mzito wa kuvutika. Nikauacha upoe kiasi cha kidole kuvumilia. Nikaponda malenge yaliyochemshwa, yale mekundu, nikayatia humo, maana huku kwetu chapati za malenge zinajulikana na hakuna atakayeuliza rangi imetoka wapi. Kisha ule unga mkavu uliobaki nikauingiza ngumi moja moja, nikikanda taratibu, kwa viganja, vile mtu anavyomkanda mtoto mchanga akishamwogesha. Mikono yangu haijazoea upole. Ilibidi niisemeshe.

Na donge likatokea. Zito, laini, halishiki vidole, ukilibonyeza linabaki na alama ya kidole kama ndewe ya sikio iliyobonyezwa na hereni. Nikalikata, nikasukuma mviringo, kingo zikapasuka kidogo nikaziziba kwa dole gumba. Kibao kilikuwa kipya na kikaango kipya, kwa sababu niliyakumbuka yale makombo aliyoyasema. Chapati ikafura hapa na pale, ikapata madoadoa ya kahawia. Nikampa mzee wangu. Akatafuna, akatazama dari.

"Inavutika," akasema. "Lakini ni chapati."

Nilimkumbatia mpaka akashtuka. Nikamwekea nyingine kwenye hotpoti ajilie jioni na mboga. Jioni ilipofika ile chapati ilikuwa imegeuka soli ya kiatu. Mzee alianza kuitafuna taarifa ya habari ikianza, na waliposoma hali ya hewa bado alikuwa na ile ile mdomoni, macho yamemtoka. Ndipo nilipojua tatizo langu la mwisho. Chapati za tapioka huliwa moto moto, zikitoka jikoni. Na nyumbani kwetu chakula hakiliwi kabla ya kuombewa, na wazee wetu wakianza kuomba hakuna anayejua watamaliza lini.

Siku mbili tatu kabla ya kikao nikampigia yule msichana. Nikamweleza. Kibao kipya, kikaango kipya, hata taulo za jikoni nimezichemsha, ngano yote ya nyumba hii nimeipeleka kwa jirani.

"Mama, uko na uhakika?"

"Niko na uhakika, mwanangu."

"Basi nitakula."

Nikaweka simu. Hakuja kuangalia. Hakuomba kuonyeshwa pakiti. Kama kuna punje ya ngano niliyoisahau kwenye kona ya kabati, angeugua mbele ya ukoo mzima kwa sababu ya neno langu. Nikaifuta kabati upya, nikaifuta tena, na usingizi wangu ukawa wa kuazima mpaka siku ile.

Siku yenyewe wazee walikuja na kofia zao. Wifi akaja na kitenge cha harusi na macho ya msiba. Akapitisha kidole kwenye vitambaa vya makochi, vikasimama wima, akaguna. Akamwita msichana aketi kando yake. Sahani moja ikawekwa mbele yao. Mimi nilikuwa jikoni, kikaango cha moto, donge limefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, sikio langu sebuleni.

Mzee mkubwa wa ukoo akasimama kuomba. Alishukuru kwa mvua iliyonyesha, akaomba ile isiyonyesha. Akaombea barabara ya Kathiani, akaombea serikali ya kaunti, kwa kirefu, kwa sababu ina mahitaji mengi. Akawaombea watoto wetu walio ng'ambo, na ng'ambo hatuna mtoto. Kila aliposema "ndiyo sababu, Bwana," nilidhani anafika, nikaweka chapati kikaangoni. Kisha akasema "na tena," nikaiondoa nikaila mwenyewe, kwa uchungu. Nilikuwa nimeshiba kabisa aliposema Amina.

Nikatoka mbio na chapati zinazotoa mvuke, nikaziweka kwenye ile sahani yao. Wifi akachukua ya juu, akaivuta akate kipande. Ikavutika. Akavuta tena, ikamfuata.

"Hii chapati inavutika."

"Ni ya malenge, wifi," nikasema, na haukuwa uongo, malenge yalikuwemo.

Akatia mdomoni, akatafuna polepole, macho yamebaki kwa msichana. Sasa ilikuwa zamu yake. Aliishika chapati kwa vidole viwili, haijakatwa. Akanitazama, mimi nikiwa mlangoni na mwiko wangu. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akakata, akala.

Akakata tena. Akafumba macho akitafuna. Halafu akainamisha kichwa, na nikaona mabega yake yanatetemeka.

"Imekuchoma?" wifi akauliza.

"Hapana, shangazi. Ni tamu." Alikuwa hajala chapati tangu akiwa sekondari. Hao wote hawakulijua hilo, walidhani ni msichana mwenye adabu sana. Akanyoosha mkono akachukua nyingine, wifi naye akachukua nyingine, wakala kutoka sahani moja mpaka nikarudi jikoni kuwaongezea. Huko jikoni nililia nikiwa nimeshika mwiko, na mzee wangu alipoingia nikamwambia ni moshi.

Wifi alipangusa vidole. "Mbuzi wangu aende," akasema. Wazee wakapiga makofi. Mwanangu akaniangalia kama nimemzaa mara ya pili. Na wifi, ambaye siku zote huondoka mapema ameshika tumbo, siku hiyo alikaa. Akaomba chai. Akasimulia habari za soko la Masii mpaka akacheka mwenyewe. Nikadhani ni furaha ya harusi tu, nikashukuru.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Wifi."

"Wifi, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Hiyo ndiyo sababu nakupigia. Jana nimekula chapati zako na tumbo halikufura. Halikuuma. Nimelala mpaka jogoo akawika. Tangu uolewe na ndugu yangu sijawahi kula chapati yako nikalala."

Nikaanza kumwambia nimefurahi. Hakunipa nafasi.

"Kwa hivyo nimejua umeacha."

"Nimeacha nini?"

"Hicho ulichokuwa ukiniwekea kwenye mikunjo. Sitaki kujua ni nini, wala ulikipata kwa nani. Jana ulikuwa na mkaza mwana wako mezani, ukaogopa kukitia. Umeacha, na mimi nimekusamehe."

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye gunia la makaa na sikujali. Harusi zote zile, matanga yote yale, kila Krismasi, huyu mwanamke ameketi mezani kwangu akiamini kabisa kwamba namroga. Na alikula. Alinyoosha sahani mbele ya watu, akaomba ya pili, ya tatu, halafu akaenda kuumwa peke yake Masii, na mimi nyuma namwita mlafi.

"Wifi," nikasema. "Kama ulijua nakuroga, mbona ulikula?"

"Sasa ungetaka niache chapati yako mbele ya watu? Si wangekukataa? Wewe ni mke wa ndugu yangu."

Nikalia, waziwazi, kwenye simu. Nikamwambia, "Wifi, sikiliza. Sijawahi kukuwekea kitu. Ni ngano. Kuna watu ngano inawakataa, na wewe ni mmoja wao. Jana hapakuwa na ngano, ilikuwa tapioka, twende hospitali Machakos wakupime."

"Nyamaza," akaniambia kwa upole ambao sikuujua kwake. "Nimeshakusamehe, usianze kujitetea. Wewe endelea tu hivyo hivyo. Jumapili nakuja kula."

Jumapili ilipofika nikachemsha maji mapema.